Karata Mbili za Kwanza: Unajua Nini Unapolipa?

Katika bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, wanaume wa Kihadzabe wana mchezo wao uitwao lukuchuko. Vifaa vyake haviuzwi dukani. Ni vipande bapa vya gome la mti, kila kimoja upande mmoja una magamba na upande wa pili ni laini. Kila mchezaji ana kipande chake, na kipo kimoja kikubwa kisicho cha mtu. Vyote hushikwa pamoja, hupigwa kwenye shina la mti, hutawanyika, na macho yote hushuka chini kutazama nani kipande chake kimelala kama kile kikubwa. Dau ni mali ya mtu mwenyewe: mishale ya vichwa vya chuma, visu, shanga, kiko.

James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuchukulia mchezo huu kwa uzito unaostahili. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii za watu walio sawa alieleza kwamba lukuchuko huzungusha vitu. Mshale mzuri haukai kwa mtu mmoja mpaka ukamfanya mkubwa, na kiko cha jiwe linalopatikana upande mmoja wa nchi yao hufika upande mwingine kikipita mikono mingi.

Nataka tujifunze jambo moja la hesabu, nalo ni hili: ni lini inafaa kuingia mchezoni, na ni lini inafaa kuacha. Mfano nitakaoufikia ni poka, ule mtindo wa Texas wenye dau lisilobadilika, ambamo mtu hupewa karata mbili na lazima aamue papo hapo kama anazilipia au anazitupa. Lakini tukianza na karata tutapotea kwenye kanuni. Gome la mti ni mwalimu mwepesi zaidi.

Tuufanye mchezo uwe rahisi tupate kuuhesabu. Tuseme kila kipande kina nafasi sawa ya kulala magamba juu au laini juu, na tuseme mshindi ni yule ambaye kipande chake peke yake kimefanana na kikubwa. Wakifanana wawili, au asifanane hata mmoja, vipande vinapigwa tena. Wachezaji wawili wakicheza, kuna namna nne za vipande vyao kulala, na namna mbili kati ya hizo zinatoa mshindi. Wakiwa watatu, namna ni nane, zenye mshindi ni tatu. Wakiwa wanne, ni nne kati ya kumi na sita. Kadiri watu wanavyozidi ndivyo inavyobidi kupiga mara nyingi zaidi kabla mshindi hajapatikana. Lakini tazama kitu kimoja ambacho hakibadiliki: katika kila hali, namna zinazompa ushindi mmoja ni nyingi sawasawa na zinazompa mwenzake. Watu wanne, kila mmoja ana robo. Analipa mshale mmoja, na mara moja kati ya nne anaondoka na mishale minne. Ukijumlisha kwa muda mrefu, amepata sifuri na amepoteza sifuri.

Katika mchezo wa namna hii hakuna uamuzi wowote wa kujifunza. Swali la kuingia au kuacha halina jibu bora, kwa sababu unapoweka mshale wako hujui lolote ambalo mwenzako halijui, na wala naye hajui lolote zaidi yako. Ujuzi unakuja baada ya malipo, na wakati huo haufai kitu.

Sasa fikiria kwamba kabla ya kuweka mshale, kila mchezaji angeruhusiwa kuchungulia kidogo tu, aone kwa kificho dalili fulani ya jinsi kipande chake kitakavyolala. Si jibu kamili, ni dalili tu. Hapo mchezo umegeuka kabisa. Mwenye dalili njema angeweka mshale, mwenye dalili mbaya angekaa. Na yule anayeweka kila mara bila kujali dalili angekuwa anawalisha wengine, pole pole, bila kuelewa mishale yake inakwenda wapi.

Mkulima wa Hanang hahitaji kufikiria hali hiyo. Anaishi ndani yake kila mwaka.

Mwezi Novemba, kati ya Endasak na Katesh, wingu linakaa kileleni mwa Mlima Hanang, na siku moja mvua inanyesha. Ardhi inalowa kiasi cha kiganja. Je, apande? Mvua hiyo ni dalili, si jibu. Ikiendelea, mahindi yake yatakuwa yamewahi, yatachanua udongo ukiwa bado na maji. Ikikatika wiki tatu, mbegu itaota na kukauka, naye atarudi dukani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo humpa dalili ya pili kabla ya msimu, kwa maneno yanayofahamika redioni: mvua za juu ya wastani, za wastani, au za chini ya wastani. Hiyo pia haimwambii shamba lake litapata nini. Inapunguza tu ujinga kidogo kabla hajalipa.

Tuweke namba, za mfano tu. Tuseme kuwahi kunamwongezea magunia matatu kwa ekari, na kupoteza mbegu pamoja na kibarua cha kupanda upya ni sawa na gunia moja. Ikiwa uwezekano wa mvua kuendelea ni nusu, basi katika misimu kumi ya namna hiyo atapata nyongeza ya magunia matatu mara tano, yaani kumi na tano, na atapoteza gunia moja mara tano. Amebaki na kumi. Apande. Je, uwezekano ukiwa mmoja kati ya nne? Katika misimu minane atapata mara mbili, magunia sita, na atapoteza mara sita, magunia sita. Sare. Hapo ndipo mpaka ulipo: robo.

Mpaka huo hautokani na bahati. Unatokana na bei. Chukua unachoweza kupoteza, ukigawe kwa jumla ya unachoweza kupoteza na unachoweza kupata. Moja, kwa moja na tatu: robo. Akibadili mbegu, akanunua chotara ya bei ghali ambayo hasara yake ni magunia mawili, mpaka unapanda kuwa mbili kwa tano, na mvua ileile aliyoiamini jana leo haitoshi. Wingu ni lilelile na mlima ni uleule, ila jibu limebadilika kwa sababu bei imebadilika. Nawaomba wasomaji wakae na jambo hili kidogo, kwa maana watu wengi wenye akili hulikosa hapa: huuliza kama dalili ni nzuri au mbaya, wakasahau kuuliza ni nzuri kwa bei gani.

Na tena, aliyepanda kwa uwezekano wa nusu na mvua ikakatika hakukosea. Jirani yake aliyekataa kupanda akiwa na dalili ileile, akaponea, naye hakuwa mwerevu. Matokeo ya msimu mmoja hayatoshi kumhukumu mtu.

Sasa tunaweza kushika karata.

Pakiti ina karata 52, za rangi nne ambazo wengi wetu tunaziita kwa majina yaliyotufikia kutoka kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pau. Kila rangi ina karata kumi na tatu, kuanzia mbili hadi kumi, kisha ghulamu, malkia, mfalme, na juu ya wote ree, ambayo vijana huiita esi. Katika poka ya Texas kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona peke yake. Baadaye karata tano hufunuliwa mezani kwa wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Kila mtu anaunda kundi bora la karata tano kutoka katika hizo saba. Kuna zamu nne za kuweka dau, ya kwanza kabla ya karata yoyote kufunuliwa.

Neno la msingi ni kwamba dau halibadiliki. Katika zamu mbili za kwanza unaweza kuweka kipimo kimoja tu, na kupandisha ni kwa kipimo kimoja. Katika zamu mbili za mwisho ni vipimo viwili. Kwa kawaida katika zamu moja dau likishawekwa linaweza kupandishwa mara tatu, basi. Huwezi kusukuma mali yako yote mezani kumtisha mwenzako. Na kabla ya kugawa, watu wawili waliokaa baada ya mgawaji hulazimika kuweka dau bila kuona kitu: mmoja nusu kipimo, mwingine kipimo kizima. Zamu hiyo ya lazima huzunguka meza.

Kwa nini walazimishwe? Tuhesabu kwanza mikono iliyopo, yaani jozi za karata mbili, jibu litajitokeza lenyewe. Karata ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 52, ya pili yoyote kati ya 51 zilizobaki. Zidisha, upate 2,652. Lakini mfalme kisha tisa ni mkono uleule na tisa kisha mfalme, kwa hiyo gawa kwa mbili: mikono 1,326. Mingi kati ya hiyo ni ndugu. Kabla meza haijafunuliwa, ree na mfalme wa kopa hawana tofauti na ree na mfalme wa uru. Ukiwaunganisha ndugu unabaki na aina 169 tu: mapacha kumi na tatu, aina 78 za karata mbili za rangi moja, na aina 78 za rangi mbili tofauti.

Aina hizi hazitokei kwa wingi sawa. Mapacha wa ree wanapatikana kwa njia sita tu, kwa sababu ree ni nne na unachagua mbili. Karata mbili za rangi moja, tuseme ree na mfalme, zina njia nne, moja kwa kila rangi. Zikiwa za rangi tofauti zina njia kumi na mbili. Kwa hiyo mapacha wote kwa pamoja ni njia 78 kati ya 1,326, yaani mara moja kati ya kumi na saba. Mapacha wa ree peke yao ni sita kati ya 1,326: mara moja katika kila migawo 221.

Sasa yule anayesema, “Mimi nitasubiri ree mbili tu, nisihangaike,” anaweza kujibiwa kwa namba. Meza ina watu kumi. Kila mzunguko wa migawo kumi analazimika kuweka kipimo kimoja na nusu. Migawo 221 ni mizunguko ishirini na miwili na kidogo, yaani vipimo 33 hivi vimekwenda kabla ree zake hazijafika. Na zikifika, wenzake waliomtazama amelala jioni nzima watatupa karata mara akifumbua mdomo. Subira ina bei yake hapa, kama ilivyo kwa mkulima anayengoja mpaka Januari ndipo aamini kwamba mvua imekuja kweli. Bila dau la lazima subira ingekuwa bure, kila mtu angesubiri, na mchezo usingekuwepo.

Basi mkono upi ulipiwe? Kanuni yetu ya shambani inatosha kuanzia. Watu kumi wakilipa kipimo kimoja kila mmoja, unaweza kupoteza kimoja na kupata tisa, kwa hiyo mpaka ni moja kwa kumi, ambalo ndilo fungu la haki la kila mmoja. Mapacha wa ree dhidi ya watu tisa wenye karata zozote hushinda takriban asilimia 31, mara tatu ya fungu hilo. Dhidi ya mtu mmoja tu hushinda asilimia 85. Upande wa pili wa orodha zipo saba na mbili za rangi tofauti, ambazo hata dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hazifikishi zaidi ya asilimia 35 hivi. Mikono ya juu huonekana bila hesabu, na ya chini vilevile. Elimu yote iko katikati.

Chukua mkono unaowaponza wengi: ree na saba, rangi tofauti. Mtu akiona ree moyo unaruka. Tuulize polepole: je, kuna mwingine mezani mwenye ree? Zimebaki ree tatu katika karata 50 usizoziona. Wapinzani tisa wana karata kumi na nane kati ya hizo, na karata 32 hazina mtu. Ili pasiwe na ree kwao, ree zote tatu lazima ziwe katika hizo 32. Ya kwanza ina nafasi 32 kwa 50, ya pili 31 kwa 49, ya tatu 30 kwa 48. Zidisha: karibu robo. Yaani mara tatu kati ya nne kuna mwingine mwenye ree kama wewe.

Hilo lingevumilika kama wenzako wangelipa bila kuangalia. Lakini wanaangalia. Mwenye ree na tatu huenda akatupa, mwenye ree na mfalme hatatupa kamwe. Kwa hiyo ree utakayokutana nayo baada ya watu kulipa si ree ya kubahatisha, imeshachujwa. Ree ikifunuliwa mezani mtakuwa nyote wawili na mapacha ya ree, na itakayoamua mara nyingi ni ile karata ya pili: saba yako dhidi ya mfalme wake. Utalipa zamu zote tatu zilizobaki ukiamini uko mbele. Mkono mbaya kabisa haukugharimu kitu, maana unautupa bila majuto. Mkono wenye sura nzuri ndio unaokula mali.

Sasa sogeza kiti chako. Tuseme watu saba wametangulia kusema na wote wametupa karata zao, na waliobaki baada yako ni wawili tu. Wana karata nne. Hesabu ileile: 46 kwa 50, mara 45 kwa 49, mara 44 kwa 48. Uwezekano kwamba hawana ree ni zaidi ya asilimia 77. (Waliotupa walikuwa na karata zao pia, na pengine ree chache kuliko kawaida, lakini hilo halibadilishi sura ya hesabu.) Ree na saba ileile, iliyokuwa mtego kwenye kiti cha kwanza, sasa ni mkono wa kupandishia dau. Karata ni zilezile, ila ulichokijua kabla ya kulipa kimeongezeka: umesikia watu saba wakikiri kwamba hawana kitu.

Hapa kiti cha mwisho kinafanana na kungoja kwa mkulima, lakini kuna tofauti ambayo naiona kubwa. Mkulima anayengoja aone jirani zake wamefanyaje hulipia kungoja huko kwa siku za msimu. Mezani, anayesema mwisho anapewa ujuzi bure, kisha kiti kinahama na kesho ni zamu ya mwingine. Ndiyo maana mikono inayofaa kwenye kiti cha kwanza ni michache sana na ya mwisho ni mingi. David Sklansky wa Marekani, aliyechapisha kitabu cha poka ya Texas mwaka 1976, aliigawa mikono katika makundi kwa nguvu zake, na makundi ya chini aliyaruhusu kadiri kiti kinavyosogea nyuma. Wengi walikariri makundi. Sababu zake ndizo zilizokuwa na thamani, na sababu hizo ni ujuzi na bei.

Mkono wa pili wa katikati unaonyesha bei vizuri kuliko wote, na hasa unaonyesha kwa nini dau lisilobadilika ni mchezo wa namna yake. Una tano mbili. Peke yao ni dhaifu, karata nyingi zitakazofunuliwa zitakuwa kubwa kuliko zako. Tumaini lako ni tano ya tatu. Katika karata tatu za kwanza, uwezekano wa kuikosa ni 48 kwa 50, mara 47 kwa 49, mara 46 kwa 48. Hizo 48 zinafutana, unabaki na 2,162 kwa 2,450: asilimia 88 na kitu. Unaipata chini kidogo ya asilimia 12, takriban mara mbili kati ya kumi na saba. Kwa hiyo kwa kila mara mbili utakazopata kuna kumi na tano utakazotupa kipimo chako. Kila ushindi lazima ulete vipimo saba na nusu ili utoke sare.

Tuseme aliyeingia ni mmoja tu, na wale wawili wa dau la lazima hawataongeza kitu. Mezani kuna vipimo viwili na nusu. Ukiipata tano yako naye akakulipa mpaka mwisho, atatoa kimoja, kisha viwili, kisha viwili: vitano. Jumla saba na nusu. Sare kamili, lakini kwa sharti kwamba analipa kila mara mpaka mwisho, na kwamba tano tatu hazishindwi hata siku moja. Sharti hilo halitimii. Tupa. Sasa tuseme wameingia watano kabla yako. Vipimo vitano tayari viko mezani pamoja na vile vya lazima, na unahitaji kidogo tu kutoka zamu zijazo. Lipa. Kwenye poka isiyo na kikomo cha dau, tano mbili zingelipiwa hata dhidi ya mtu mmoja, kwa sababu siku ukiipata unaweza kumnyang'anya mali yote aliyonayo. Hapa kikomo kimekifunga kitita, kwa hiyo mapacha wadogo wanahitaji watu wengi.

Rangi moja nayo huthaminiwa kupita kiasi. Ukiwa na kopa mbili, uwezekano wa kopa tatu au zaidi kutokea katika zile tano za mezani ni asilimia 6.4, mara moja kati ya kumi na sita. Inasaidia mkono ambao ulikuwa karibu na mpaka. Haiwezi kuufufua mkono uliokufa.

Kuna jambo moja la Yaeda nililoliacha makusudi. Woodburn aliandika kwamba si kila kitu huwekwa dau katika lukuchuko. Upinde wa mtu, mishale yake ya kuwindia ndege, na mfuko wake wa ngozi haviingii mchezoni. Aliyepoteza yote usiku bado asubuhi anaweza kwenda porini akarudi na kitu. Hesabu zote nilizofanya hapa juu zilidai jambo hilohilo kimyakimya: nilisema “kwa muda mrefu”, “katika misimu minane”, “katika migawo 221”. Wastani haumfikii mtu aliyefilisika kwenye mgawo wa kumi. Mkulima mwenye ekari tatu anayepanda moja kwa mvua ya kwanza na kuziacha mbili analijua hili. Anakubali faida ndogo ili abaki na msimu wa pili wa kuamua.

Na jambo la pili, ambalo Yaeda hawalihitaji. Lukuchuko haina mwenye nyumba. Mishale yote inayoingia inatoka, kwa mkono mwingine. Katika nyumba za kamari zenye leseni, ambazo kwetu husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, nyumba hukata fungu lake. Tuseme inakata moja kati ya ishirini. Watu kumi wakiweka kipimo kimoja, mshindi anachukua tisa na nusu badala ya kumi, na mpaka wa asilimia kumi unapanda hadi kumi na nusu. Inaonekana ndogo. Lakini maana yake ni kwamba watu kumi wenye ujuzi sawa, wakicheza kwa uaminifu mwaka mzima, wote kumi, kwa wastani, watatoka na pungufu. Kijana wa Haydom au Dongobesh anayeweka fedha ya ada kwenye mchezo wa simu ameshaweka upinde wake dau, tena mbele ya mwenye nyumba anayekata kila mgawo. Hakuna orodha ya mikono inayomtibu mtu huyo.

Je, jibu kamili lipo? Kwa watu wawili, lipo. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, wakiongozwa na Michael Bowling, walitangaza katika jarida la Science kwamba poka ya Texas yenye dau lisilobadilika, kwa wachezaji wawili, imepatiwa ufumbuzi wa karibu kabisa. Programu yao, Cepheus, haikufundishwa na mchezaji yeyote. Ilicheza na nafsi yake, kompyuta zikitumia vichakataji 4,800 kwa siku 68 hivi. Katika kila duru ya kujifunza ilihesabu kitu ambacho watafiti wenyewe walikiita majuto: ningepata zaidi kiasi gani kama ningetupa, au ningelipa, au ningepandisha? Kila tendo liliongezewa nafasi kadiri lilivyojutiwa kutofanywa. Majuto yakapungua mpaka yakakaribia sifuri.

Kwa meza ya watu wengi uthibitisho wa namna hiyo haujapatikana, ingawa mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita, katika poka isiyo na kikomo cha dau.

Ukiitazama Cepheus inavyocheza, mambo mawili yanashangaza. Inapogawa, karibu kamwe hailipi tu: ama inapandisha, ama inatupa. Na ikiwa mgawaji mwenye ree mbili mkononi, mkono bora katika mikono yote 1,326, mwenzake akapandisha na zamu ikafika ya kupandisha kwa mara ya mwisho inayoruhusiwa, Cepheus karibu haipandishi kabisa. Inalipa na kunyamaza. Wachezaji wazuri wa kibinadamu hupandisha hapo bila kufikiri, kwa kuwa wanajua wako mbele. Mashine nayo inajua iko mbele. Lakini kipimo kile cha mwisho kingemwambia mwenzake jambo alilokuwa halijui, naye bado ana zamu tatu za kuamua kama atalipa.